Siku Tembo Alipozungumza na Kompyuta

Waraka ulikuwa wa ukurasa mmoja na nusu, na maneno yaliyomchoma Shangazi yalikuwa kwenye ile nusu. Kuanzia mwisho wa mwezi, maabara yoyote ya vifaa vya ujenzi inayoandika majibu kwa mkono haitatambuliwa tena. Namba itoke kwenye mashine iingie kwenye kompyuta yenyewe, bila kupita kwenye kalamu ya mtu. Mkaguzi angefika Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mashine itakayoshindwa itakatwa kwa gesi na kuuzwa kama chuma chakavu, chumba kitageuzwa stoo, na watumishi watapangiwa kazi nyingine. Meneja alikuwa ameshapanga kabla hata ya kuulizwa: Shangazi angehamia masijala, kubandika namba kwenye mafaili.

"Masijala si pabaya," Meneja alimwambia. "Kuna feni."

"Feni nimeikosa miaka thelathini na moja, Meneja, na bado napumua."

Mashine yenyewe ilikuwa moja tu, na watu wa pale walimwita Tembo. Alikuwa na miguu minne ya chuma kinene na rangi ya kijivu iliyobanduka magotini, na kazi yake ilikuwa kubana. Unampa kipande cha zege chenye pande sita zilizo sawa, unafunga wavu, unafungulia mafuta yanayomsukuma, naye anabana taratibu mpaka kipande kinapasuka kwa mlio wa kutikisa madirisha. Hapo kisanduku kilichofungwa ubavuni mwake kinaonyesha kwa tarakimu nyekundu nguvu iliyotumika. Ikiwa ndogo, nguzo iliyomwagwa kwa zege lile haifai kubeba watu. Hiyo ndiyo kazi nzima. Haina mbwembwe, lakini hakuna aliyelala ghorofani katika mji ule bila kipande cha nguzo yake kupita kwanza kwenye taya za Tembo.

Shangazi hakuwa na mpwa hata mmoja pale ofisini. Jina alilipata kwa kukemea. Aliingia akiwa mfagizi, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyeishia darasa la saba, na kazi yake ilikuwa kuzoa kokoto zilizorushwa na Tembo. Alikuwa akizoa polepole kupita kiasi, na mkuu wa maabara wa wakati ule, waliyemwita Mwalimu, akagundua kwamba binti anasoma tarakimu nyekundu huku ameshika ufagio. Hakumfukuza. Alimpa kitabu cha mashine aende nacho nyumbani. Zamani mashine ilikuja na kitabu, na ndani ya kitabu mlikuwa na mchoro wa kila waya, kwa sababu aliyeitengeneza hakumwona aliyeinunua kuwa mjinga. Siku hizi inakuja na karatasi moja yenye picha ya kidole kikibonyeza kitufe. Shangazi alikisoma kitabu kile mara nne, mara ya kwanza kwa kukisia. Mwaka wa tatu akavaa koti jeupe. Mwaka wa kumi, Mwalimu alipostaafu, funguo zikabaki kwake, na kitabu kikapotea katika uhamisho mmoja wa makabati ambao hakuna aliyewahi kukiri kuusimamia.

Mwalimu alimwachia pia sheria ya kusoma. Msomaji hasomi mpaka mwandishi aseme "tayari". Akishasema, msomaji anataja tarakimu moja moja, mwandishi anazirudia kwa sauti, ndipo kalamu inagusa karatasi. Kuna siku Mwalimu alisimama mbele ya kisanduku dakika nane nzima, mdomo umefungwa, kwa sababu karani alikuwa anachonga penseli na hakusema neno. Watu walicheka wakashika mbavu. Lakini katika miaka yote ile haikutokea namba iliyosomwa vile ikaandikwa hivi. Leo watu wawili wanasema kwa pamoja, kila mmoja anaondoka akiamini amesikilizwa, kisha wanashangaa nyumba ina nyufa.

Siku ya Ijumaa Meneja alimleta Mtaalamu wa kompyuta kutoka ofisi kuu. Alikuwa mtu wa makamo, shati limenyooshwa mpaka linakata, na kompyuta yake nyembamba kama sinia. Alizunguka nyuma ya Tembo, akapiga magoti juu ya gazeti, akaliangalia tundu pana lenye vishimo ishirini na vitano.

"Hili tundu nililiona mara ya mwisho nikiwa chuoni," alisema. "Nalo lilikuwa kwenye kabati la vioo."

Hata hivyo alikuja na waya mpya mweusi, upande mmoja plagi pana ya kutosha tundu lile, upande wa pili kiplagi chembamba cha kuingia kwenye kompyuta. Alichomeka, akafungua programu, akakaa. Dakika zikapita.

"Hakuna kitu," alisema.

"Hujampa zege," Shangazi alimjibu.

"Zege la nini?"

"Anasema akishavunja. Unamuuliza mtu matokeo ya kazi ambayo hajaifanya?"

Karani, ambaye ndiye aliyekuwa mwandishi wa Shangazi kwa miaka tisa, aligeukia ukutani asionekane anavyocheka. Wakaweka kipande. Tembo akabana, zege likapasuka, Mtaalamu akaruka hatua mbili. Kisanduku kikaonyesha tarakimu zake nyekundu. Kioo cha kompyuta kikabaki cheupe.

"Mmeona wenyewe. Tundu limekufa." Alianza kukunja waya. "Mama, hiki kitu kina umri wa kutosha kupewa pensheni."

"Niite Shangazi. Na tundu hilo lilikuwa linaendesha printa ya karatasi ya kukunja. Aliyekufa ni printa, injini yake iliungua mbele ya macho yangu. Tundu halijawahi kuugua hata siku moja."

Mtaalamu aliandika mstari mmoja: haiwezi kuunganishwa. Tangu kupiga magoti mpaka kutia sahihi alitumia dakika thelathini, na nusu yake alikuwa akipangusa suruali.

Shangazi alirudi nyumbani mchana huo miguu ikiburuza. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, miguu iliyovimba ameiweka juu ya kigoda. Alikuwa fundi wa teleprinta kwa miaka ishirini na sita, zile mashine zilizokuwa zikichapa ujumbe wa simu za maandishi kutoka mji mmoja hadi mwingine. Aliijua kila moja kwa mlio wake. Kisha siku moja ukumbi ukafungwa na mashine zote zikauzwa kwa kilo, naye akaambiwa aende akapumzike. Tangu siku hiyo alikuwa amepumzika kwa hasira.

"Uso huo umeutoa wapi?" alimuuliza. "Asubuhi uliondoka na mwingine."

Akamweleza yote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza swali moja.

"Waya wa kusemea wa Tembo, huko kwenye kompyuta umeingia wapi?"

"Sijui."

"Na huyo mwenye shati hajui. Angejua angekwambia. Sikiliza, Bibi. Watu wawili wakipigiana simu, halafu kila mmoja ameweka mdomo mahali pa sikio, watasikizana? Waya wa kusema wa huyu lazima uende kwenye wa kusikia wa yule. Kwenye plagi ni waya wa pili na wa tatu. Ukinunua waya dukani hujui umevuka au haukuvuka, na muuzaji naye hajui, anauza rangi tu."

"Sasa nifanyeje?"

"Tengeneza wako."

Jumapili, baada ya kuosha vyombo, Shangazi alitoa chini ya kitanda sanduku la mbao la Mzee: mita yake ya kupimia umeme, chuma cha kulehemu, plagi na nyaya kuukuu, na risasi ya kulehemia iliyoviringishwa kwenye kijiti. Aliketi mezani, dirisha wazi moshi utoke, akalehemu nyaya nyembamba kama nywele. Mzee alivaa miwani akakagua.

"Risasi inatakiwa ing'ae. Hii ya kijivu umeiunguza. Rudia."

Akarudia. Mzee akatikisa kichwa. Akarudia tena.

"Mume wangu, nimekupikia miaka yote hii hukuwahi kunikagua hivi."

"Chakula kikiungua tunakula. Waya ukiungua hausemi."

Mara ya tatu alimrudishia bila neno, na kwa Mzee yule kunyamaza kulikuwa kama cheti.

Jumatatu asubuhi alichomeka waya wake kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo Mtaalamu aliiwekea programu yake kabla ya kuondoka. Wakavunja kipande. Kioo kikabaki cheupe vilevile. Alipogusisha mita kwenye waya wa kusemea, mshale haukutingishika. Tembo hakuwa anasema jambo lisilosikika. Hakuwa anasema kabisa.

Hapo ndipo roho ilipomdondoka. Aliwaza masijala, feni na gundi. Alimwambia Karani waendelee tu na kazi ya siku kwa mkono, kwa kuwa vipande vya watu vilikuwa vinangoja na mkono bado ulikuwa halali mpaka mwisho wa mwezi. Kipande cha kwanza kikapasuka. Shangazi akasimama mbele ya kisanduku akingoja. Akangoja. Nyuma yake palikuwa kimya.

Karani alikuwa ameingiza mdomoni andazi zima. Alimeza kwa taabu, machozi yakamlenga, akasema, "Shangazi, soma basi. Unataka kusimama kama Mwalimu?"

"Hujasema tayari."

"Nilikuwa nimejaza."

Lakini Shangazi hakumsikia tena. Macho yake yalikuwa kwenye pembe ya kisanduku, chini ya tarakimu, penye kinukta chekundu kilichokuwa kikipepesa. Kilikuwa kikipepesa hivyo tangu printa ife. Waliokizoea walidhani ni ugonjwa wa uzee.

"Karani," alisema polepole. "Naye anangoja."

"Nani?"

"Tembo. Namba anayo, mwandishi hajamwambia tayari. Printa ilikuwa inamwambia karatasi ipo, sema. Sasa hakuna wa kumwambia. Hiyo kompyuta imekaa tu, imekodoa macho."

Alimpigia mumewe simu pale pale, mikono ina vumbi la zege.

"Printa ilikuwa inasema tayari kwa waya gani?"

"Wa tano," Mzee alisema. "Umefikaje huko?"

"Karani alikuwa anatafuna."

"Mimi nilipaswa kukumbuka. Nimekaa dirishani muda mrefu mno." Alikohoa. "Chukua wa nne, ndio anaoulizia 'upo?'. Uunganishe na wa tano hapo hapo ndani ya plagi. Akiuliza, swali lake litamrudia kama jibu."

"Huo si uongo?"

"Kompyuta itakuwa inasikiliza kweli au haisikilizi?"

"Inasikiliza."

"Basi unaisemea tu, maana yenyewe hakuna aliyeifunza adabu."

Jumanne waliingia saa moja kamili. Kipande cha kwanza kilipopasuka, kinukta chekundu kilizimika. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne, kilizimika. Na kwenye kioo cheupe yakatokea maandishi: alama za ajabu, mikia, vijisanduku, herufi za lugha zisizojulikana.

"Anatukana," Karani alisema.

"Mwache atukane. Mtu anayetukana yuko hai."

Mzee alikuwa amemwonya: mashine za zamani zilisema kwa mwendo wa pole, na kompyuta ikisikiliza kwa pupa itaokota takataka. Kulikuwa na kasi nane za kujaribu, na kwa kila kasi, namna mbili tatu za kuhesabu vipande vidogo vinavyounda kila herufi. Lakini kila jaribio lilihitaji zege, kwani Tembo hasemi bure. Walianza na vipande vya akiba vilivyosahauliwa nyuma ya jengo. Vikaisha. Karani akaleta kile kilichokuwa kikizuia mlango wa choo. Kisha cha mlango wa masijala, na mhifadhi mafaili akawafuata akiuliza kama ni vita. Cha kumi na moja kilitoka chini ya gurudumu la gari la Meneja, ambalo breki yake ya mkono ilikufa siku nyingi.

"Likiondoka?" Karani aliuliza.

"Nimeweka jiwe. Bana."

Shangazi alikuwa ameteua kasi ya elfu moja na mia mbili, vipande saba kwa herufi badala ya vinane. Tembo akabana. Zege likagoma, likagoma, likapasuka. Kwenye kioo cheupe, bila haraka, tarakimu moja baada ya nyingine kama mtu anayeweka mayai mezani, ikatokea: 562.4.

Shangazi aligeuka akaangalia kisanduku. Tarakimu nyekundu zilikuwa zilezile. Hakupiga vigelegele. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akafuta uso kwa upindo wa koti, akaacha alama ya vumbi shavu zima. Karani ndiye aliyekwenda dirishani akatangaza kwa ua mzima kwamba Tembo amesema.

"Kwa kasi gani?" Mzee aliuliza kwenye simu.

"Elfu moja na mia mbili."

"Mwendo wa watu waliolelewa," alisema, na sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Shangazi hakukisikia tangu ukumbi wa teleprinta ufungwe.

Alhamisi Mkaguzi alifika, mwanamke mwembamba asiyecheka, na sanduku lenye chombo chake cha kupimia nguvu cha kuwekwa chini ya zege ili kumsuta Tembo akidanganya. Alileta vipande vitatu. Meneja alikuwa amevaa tai. Mtaalamu naye alikuwepo, kwa maana habari za namba kutokea zilimfikia, na mtu hapendi mstari wake mmoja umgeuke.

"Sheria ni nyepesi," Mkaguzi alisema. "Chombo changu, kisanduku na kompyuta viseme namba moja, au tofauti ya nukta tu. Mtu asiguse kitu."

Kipande cha kwanza kikapasuka. Chombo kikasema, kisanduku kikasema. Kompyuta ikanyamaza.

Meneja aliangalia viatu vyake. Mkaguzi akafungua kalamu. Macho ya Shangazi yalikwenda pembeni ya kisanduku, na pale kinukta chekundu kilikuwa kikipepesa.

Alizunguka nyuma ya Tembo. Waya wake, uliofungwa kwa utepe wa rangi mbili kwa sababu wa rangi moja uliisha, haukuwepo. Mahali pake palikuwa na waya mpya mweusi, laini, unaong'aa.

"Nani amebadilisha?"

Mtaalamu alikohoa. "Nilinadhifisha tu asubuhi. Ule ulikuwa, samahani, kama utumbo. Nikaona wageni wanakuja."

"Uko wapi?"

Alikuwa ameutia kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya chungwa. Hiyo ndiyo elimu ya siku hizi: kitu kinachofanya kazi kinatupwa kwa sababu ya sura, na kisichofanya kazi kinachomekwa kwa sababu kinang'aa. Shangazi aliinama akautoa, akaupangusa kwa koti lake.

"Mama Mkaguzi," alisema, "naomba nichomeke waya wangu. Baada ya hapo sigusi."

"Kipande kimoja kimeshakwenda. Nimebaki na viwili."

"Viwili vinatosha, kama vyote viwili vitasema."

Mkaguzi alimwangalia muda, kuanzia koti lenye maganda ya chungwa mpaka mikono yenye madoa ya risasi. Akafunga kalamu. "Chomeka."

Cha pili kikapasuka. Chombo: 488.0. Kisanduku: 488.1. Kompyuta, kwa mwendo wake wa kuweka mayai: 488.1. Cha tatu: 530.6, 530.6, 530.6. Mkaguzi aliinamia kioo akasoma mwenyewe, akarudi kisandukuni akasoma tena, kisha akauliza Tembo ana miaka mingapi. Alipoambiwa, alisema kwamba katika mashine tisa alizokagua mwezi ule, sita zilinunuliwa baada ya ukaguzi wake wa kwanza kazini, na hakuna iliyokaribia chombo chake namna hii.

"Nani ametengeneza huu waya?"

"Mimi," Shangazi alisema. "Mume wangu alikagua."

"Kazi yake ni nini?"

"Fundi wa teleprinta." Hakusema "alikuwa".

Mkaguzi aliandika neno "imekubaliwa", akagonga muhuri mara mbili, kwa kuwa wa kwanza haukutoa wino. Meneja alianza kusema kwamba ofisi yake siku zote imethamini vifaa vya asili, lakini gari lilikuwa limeserereka kidogo kuelekea uani na akalazimika kutoka mbio.

Mtaalamu alibaki. Alisimama karibu na Tembo akiwa ameshika waya wake mweusi kama mtu aliyeshika kofia msibani.

"Shangazi," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kulitumia jina. "Waya wa nne na wa tano umeziunganishaje?"

Shangazi alivuta kiti. "Kaa. Toa karatasi. Ukiwa tayari, sema."

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa tatu, lori lilisimama getini. Juu yake palikuwa na mashine mbili zilizofunikwa turubai, moja ya kuvuta nondo kutoka maabara ya mji wa pili, nyingine mizani ya zamani ya chuo kimoja cha ufundi, zote zimeandikiwa haiwezi kuunganishwa. Mbele, pembeni ya dereva, alikuwa ameketi Mzee, miguu imevimba vilevile, sanduku la mbao mapajani. Dereva alisema barua ya Mkaguzi ilitaja mafundi wawili, naye aliambiwa amchukue wa pili nyumbani.

"Shangazi," mlinzi aliita kutoka getini, "nishushe wapi hawa wagonjwa?"

"Huyo mwenye sanduku mshushe kwanza, taratibu," Shangazi alijibu akifunga vifungo vya koti. "Wengine ndio wagonjwa. Huyo ni daktari."